Joy Adamson: Mchoraji Aliyefichwa na Simba Wake

Mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, tulipewa karatasi ya kuchagua masomo. Kwenye nafasi ya mwisho niliandika Sanaa, nikaifuta kwa raba, nikaandika Biashara, nikaifuta hiyo pia, kisha nikairudisha Sanaa. Karatasi ikatoboka. Mwalimu wa darasa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha akachungulia kupitia lile tundu, na darasa zima likaangua kicheko. Nyumbani hakukuwa na kicheko. Baba aliniuliza kama nataka kumaliza shule nikachore mabango ya vinyozi pale Naivasha Road.

Kusema kweli, mimi huwahusudu wale mafundi wa mabango. Mtu ameshika brashi, hana rula, hana chochote, anachora kichwa na mkasi ukutani hata aliye ndani ya matatu inayokwenda kasi ajue kwamba hapa pananyolewa. Lakini hilo si jibu la kumpa mzazi anayehangaika na karo. Nikanyamaza.

Jibu, au tuseme nusu ya jibu, nililipata katika Makumbusho ya Taifa. Tulipanda matatu hapa Waithaka, tukapitia Satellite na Dagoretti Corner hadi mjini, tukatembea kwa miguu kupita Globe na kuupanda mlima wa Museum Hill. Wenzangu walikimbilia nyoka. Mimi nilijikuta mbele ya ukuta wenye picha za watu: mzee wa huku, mama wa kule, kijana aliyejipaka rangi, kila mmoja na mapambo yake hadi ushanga wa mwisho. Nilisoma jina la mchoraji mara mbili. Joy Adamson. Si huyu ni yule wa simba? Yule wa Elsa? Nilidhani ni mama wa wanyama tu. Kumbe kabla ya simba kulikuwa na brashi, na brashi ilimtangulia simba kwa karibu miaka 20. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata kumhusu, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao wakati huo ulikuwa chini ya milki ya Austria. Leo mji huo unaitwa Opava nao uko katika Jamhuri ya Cheki. Jina alilopewa lilikuwa Friederike Viktoria Gessner. Hilo jina la Joy alikuja kupewa ukubwani, nitaeleza. Ukoo wa mama yake ulikuwa wa watu wenye mali, wenye mashamba na kiwanda cha karatasi. Nilipolisoma hilo la kiwanda cha karatasi nilicheka peke yangu, maana mimi huchora nyuma ya mitihani ya zamani.

Mali haikuzuia shida. Wazazi wake walitengana angali mtoto, naye akaenda kulelewa na nyanya yake mjini Vienna. Huko ndiko alikosomea mambo mengi hata ukiyataja utachoka. Kwanza alisoma piano kwa bidii, lakini mikono yake ilikuwa midogo, na ndoto ya kupiga piano mbele ya halaiki ikayeyuka. Akajifunza ushonaji wa nguo. Akajaribu uchongaji wa sanamu. Akajaribu upigaji picha. Hata akaanza kujitayarisha kwa masomo ya udaktari, akaacha. Mtu wa nje angemwita msichana asiyejua anachotaka. Mimi naona kwamba hakuna kilichopotea. Aliyejifunza kushona hujua kitambaa kinavyoanguka begani, aliyechonga hujua mfupa wa shavu uko wapi chini ya ngozi, na aliyefikiria udaktari haogopi kuhesabu sehemu za kitu. Vyote hivyo vinaonekana katika picha zake, ukitazama kwa makini.

Sasa tufike kwenye ndoa. Alikuwa nazo tatu, na kwa kuwa jarida hili husomwa na walimu, nitazipitia mbio. Mume wa kwanza alikuwa Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa Austria mwenye asili ya Kiyahudi. Walioana mwaka 1935. Wakati huo Hitler alikuwa ameshika hatamu Ujerumani, na Wayahudi waliokuwa na macho waliona wingu likija. Mwaka 1937 Klarwill alimtuma mkewe Kenya aje aone kama pangefaa kuhamia. Melini mkewe akakutana na Peter Bally, Mswisi, mtaalamu wa mimea. Mambo yakabadilika. Mwaka uliofuata, 1938, ambao ndio mwaka Ujerumani iliimeza Austria, aliolewa na Bally. Ni Bally aliyemwita Joy, yaani furaha, na jina likamganda maisha yake yote.

Bally akawa mtaalamu wa mimea katika Makumbusho ya Coryndon hapa Nairobi. Hayo ndiyo makumbusho yale yale ya Museum Hill. Yalifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana mkoloni, na baada ya uhuru, mwaka 1964, yakabadilishwa jina kuwa ya taifa. Bally alikuwa akikusanya mimea na kuichora yeye mwenyewe. Katika safari za porini, kama ile ya milima ya Chyulu mwaka 1938, Joy naye akashika brashi. Mumewe akaona kwamba mkono wa mke ni mwepesi kuliko wake, akamhimiza aendelee. Ndivyo ilivyoanza kazi iliyozaa mamia ya picha za maua ya nchi hii.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu wengi tunadhani kuchora ua ni mchezo wa watoto wa nasari. Mchoro wa mimea unaotumiwa na wanasayansi ni mbali sana na pambo la kadi ya harusi. Kwenye kadi ukiongeza jani moja hakuna atakayekushtaki. Kwa mwanasayansi, jani moja la ziada ni uongo. Mchoraji hupima urefu wa jani na kuuhamishia kwenye karatasi. Huhesabu vipande vya ua, kama ni vitano viwe vitano. Hutazama kama majani yameota mawili mawili yakielekeana au yanapishana kwenye shina. Huchora chipukizi, ua lililochanua na tunda, na mara nyingi hulipasua ua katikati ili sehemu za ndani zionekane. Haya yote huyafanya huku ua lenyewe linakufa mbele yake. Ukilichuma asubuhi, saa nane limekunja shingo.

Mtu atauliza, kwa nini wasingelikausha tu wakaliweka? Walikausha, na bado wanakausha. Mimea hubanwa kati ya karatasi na kuhifadhiwa kwa miaka na miaka. Lakini ua lililokauka hupoteza rangi. Lililokuwa jekundu kama moto huwa kahawia kama majani ya chai, na umbo lake hulala bapa kama chapati. Picha za kamera zenye rangi zilikuwa adimu na ghali zama hizo. Kwa hiyo rangi halisi ya ua, na namna lilivyosimama, vilihifadhiwa na mchoraji. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Joy, wakati mwingine ndani ya hema, wadudu wakimtembelea kwenye rangi.

Michoro yake ikaingia katika vitabu vya kilimo cha bustani na vya maua ya mwituni ya Afrika Mashariki. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kikampa nishani ya dhahabu, ile iitwayo Grenfell. Hebu fikirini. Mtu aliyeshindwa na piano, aliyeacha udaktari, amepewa dhahabu kwa kuchora maua ya huku kwetu, mengine yakiwa ni yale mbuzi wanayotafuna kando ya barabara bila kuuliza jina.

Mume wa tatu, na huyu ndiye aliyempa jina la Adamson, alikuwa George Adamson, askari mkuu wa wanyamapori katika nyika za Kaskazini. Walioana mwaka 1944. Kazi ya George ilimpeleka Joy katika nchi ambazo Wanairobi wengi wa leo hatujafika, Isiolo na kuendelea juu hadi Turkana. Huko hakukuwa na maua tu. Kulikuwa na watu.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa Kenya katika mavazi yao ya asili. Mavazi yale yalikuwa yanatoweka. Misheni zilikuwa zimefika, shule zimefika, kaptula na marinda yamefika, na vijana walikuwa wanatupa mapambo ya babu zao au kuyauza. Joy akaingia kazini kwa miaka kadhaa. Alizunguka na gari na mahema, kutoka pwani hadi ziwani, akitafuta wazee waliobaki na mavazi kamili ya tohara, ya vita, ya ndoa, ya uganga. Mwishowe alikuwa na picha zaidi ya 500. Nyingi zimo katika Makumbusho ya Taifa na nyingine zilitundikwa Ikulu. Mwaka 1967 alitoa kitabu kiitwacho The Peoples of Kenya kuhusu kazi hiyo.

Niliporudi nyumbani siku ile nilimsimulia nyanya picha ya mama mmoja wa Kikuyu mwenye mapete makubwa ya shanga masikioni. Nilimchorea kwenye daftari nikiikumbuka. Nyanya alivaa miwani, akalichukua daftari, akasema yale ni hang'i, mama yake alikuwa nazo. Kisha akanikosoa. Nilikuwa nimechora pete chache mno na nimezining'iniza mahali pasipo pake. Akachukua penseli, yeye ambaye sijawahi kumwona akishika penseli ila kwa kusaini, akaanza kunionyesha zilivyopangwa. Tuliendelea hadi chai ikapoa. Nyanya hana hata hang'i moja. Za mama yake zilipotea zamani, na hakuna aliyezipiga picha. Kama si mtu fulani kukaa chini mbele ya mama fulani na kuhesabu shanga, mimi ningejulia wapi?

Hata hivyo sitaki kumpamba mtu kupita kiasi. Kuna jambo lililonikera nilipokuwa nasoma, na nikilificha nitakuwa mwongo. Wengi wa waliochorwa tunawajua kwa kabila na kwa vazi kuliko kwa jina. Mchoraji tunajua alizaliwa lini, aliolewa na nani, alipata nishani gani. Yule mzee aliyekaa juani akichorwa, twajua tu kwamba ni mzee. Halafu angalieni na miaka yenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ile ile ilitangaza hali ya hatari, na watu wa huku kwetu wakaanza kusombwa na kufungiwa vizuizini. Serikali ilitaka picha ya vazi la Mkikuyu ukutani, na mwenye vazi ilimtaka nyuma ya seng'enge. Joy hakuitangaza yeye hali ya hatari. Lakini mimi siwezi kuitazama picha bila kuikumbuka tarehe.

Tena kuna swali lingine. Je, hakukuwa na Mwafrika wa kuifanya kazi ile? Walikuwepo waliokuwa wakijifunza. Kule Kampala, katika Chuo cha Makerere, Mama Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya sanaa tangu miaka ya 30. Gregory Maloba, kijana kutoka Mumias, alisoma pale, akawa mchongaji mashuhuri. Ndiye aliyetengeneza mnara wa uhuru ulioko Kampala, wa mwaka 1962, na baadaye akaja kuongoza idara ya usanifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928, alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 50, miaka ile ile Joy alipokuwa akizunguka na mahema. Karuga alirudi akawa mwalimu wa shule, na ilipita miaka mingi kabla hajajulikana kwa picha zake za kubandika vipande vya pakiti za unga na sabuni. Alifariki mwaka 2021. Basi mmoja alipewa gari na mamia ya nyuso, mwingine akapewa chaki. Nadhani hata Joy mwenyewe angekubali kwamba mkono peke yake hautoshi, lazima kuwe na mtu wa kuupa kazi.

Nimewataja hawa kwa sababu nyingine pia. Wenzangu wengi wanadhani sanaa haina shule, ati ni kipaji tu. Shule ipo. Ukitaka kuwa mchoraji wa vitabu, wa magazeti, wa mimea au wa katuni, unaweza kwenda Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Makerere, au Taasisi ya Buru Buru ya sanaa. Huko wanakufundisha kuchora mwili wa mtu kuanzia mifupa, kuchanganya rangi, namna vitu vinavyopungua ukubwa vikiwa mbali, na jinsi mchoro unavyotayarishwa kwa ajili ya mtambo wa kuchapa. Na pamoja na alama, ni vizuri uwe na folda ya michoro yako. Joy alipofika Kenya hakuwa na cheti cha uchoraji wa mimea. Alichokuwa nacho ni mafunzo ya vipande vipande ya Vienna, mume aliyejua mimea, na makumbusho yaliyohitaji picha. Sisi wengine hatuna mume wa makumbusho, na mimi simtafuti. Itabidi twende shule.

Turudi kwa Adamson. Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba mnyama yule alikuwa na watoto watatu. Wakaletwa nyumbani. Wawili wakubwa walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Rotterdam. Mdogo akabaki, akaitwa Elsa. Yaliyofuata mnayajua, na kama hamyajui mwulizeni mtu yeyote. Walimlea, kisha wakafanya jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: walimfundisha kuwinda na kumrudisha mwituni, sehemu za Meru. Elsa akazaa watoto wake huko huko porini na kuwaleta awaonyeshe waliomlea. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe.

Kitabu cha Born Free kilitoka mwaka 1960, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na mwaka 1966 ikatoka filamu. Dunia nzima ikamjua Joy Adamson. Tazama kinyume cha mambo. Kitabu kilichompa jina kilijaa picha za kamera. Miaka aliyoinama juu ya karatasi, akihesabu vipande vya maua na shanga za wazee, ikafunikwa na simba mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliofunikwa macho, nimekwisha kukiri. Lakini pato la kitabu hakulila peke yake. Alianzisha mfuko wa kusaidia wanyamapori, na fedha nyingi zikaenda kwenye hifadhi, Meru ikiwamo. Baada ya Elsa alimlea duma aitwaye Pippa, na mwishoni chui aitwaye Penny.

Mwaka 1969 alipata ajali ya gari. Mkono wake wa kulia ukaumia vibaya. Akafanyiwa operesheni zaidi ya moja, lakini haukurudi kuwa mkono ule wa zamani. Piano na brashi vikawa mateso. Nilisoma sentensi hiyo moja katika kitabu kinene kilichojaa simba, na mwandishi akapita haraka kuendelea na wanyama. Mimi sikuweza kupita. Nilifunga kitabu nikajaribu kuchora kikombe kwa mkono wa kushoto. Kikombe kilitoka kama kiazi. Aliishi miaka 11 hivi baada ya ajali ile, na hiyo ndiyo miaka aliyokuwa mashuhuri kuliko mingine yote.

Wanaomsimulia hawafichi kwamba alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Aligombana na wengi, wafanyakazi wake wakiwamo. Yeye na George waliishia kukaa mbalimbali, kila mtu na wanyama wake, George na simba kule Kora, Joy na nyumba yake ya Elsamere kando ya Ziwa Naivasha, halafu kambi ya Shaba karibu na Isiolo. Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 alitoka kambini Shaba kwenda matembezi kama kawaida yake. Hakurudi. Alikutwa amekufa njiani. Mwanzoni habari zilizotoka zilisema ameuawa na simba, na watu wakaamini upesi, maana ilionekana kama hadithi iliyojiandika yenyewe. Uchunguzi ukaonyesha majeraha ya silaha kali. Aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alishtakiwa, na mwaka 1981 mahakama ikamtia hatiani. Hakunyongwa kwa sababu ya umri wake mdogo wakati wa tendo. Joy alikuwa amebakiza siku chache tu atimize miaka 70. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majambazi kule Kora tarehe 20 Agosti 1989.

Likizo iliyopita nilimwomba baba twende naye Museum Hill. Nilidhani atakataa. Alivaa koti, tukaenda. Mbele ya picha za maua alipita kama mtu anayepita duka la nguo za wanawake. Mbele ya picha za watu alisimama. Alisogea karibu hadi mlinzi akamtazama, akakagua shanga za mzee mmoja, akarudi nyuma, akasogea tena. Hakusema kitu kuhusu mabango ya vinyozi. Ndani ya matatu, tulipofika Dagoretti Corner, aliniuliza hivyo vyuo vya sanaa vinataka nini hasa. Nikamweleza habari za folda. Tuliposhuka Waithaka alininunulia daftari kubwa lisilo na mistari kwenye duka la vitabu, akamlalamikia mwenye duka kuhusu bei, kisha akanipa.

Sasa nina mimea 11 katika daftari hilo. Yote nimeichuma kati ya nyumbani na shuleni. Upo mnavu, upo mchicha wa mwituni, lipo lile jani linalowasha ambalo nililichora nimevaa glavu za mama za kufulia. Nyanya hukagua majina, na makosa yangu ameyaandika pembeni kwa penseli. Mmea wa 12 umenishinda. Ni ule unaotambaa juu ya seng'enge ya jirani, wenye ua la zambarau linalofanana na tarumbeta. Hufunguka alfajiri, na nikitoka shule jioni nakuta limejikunja kama karatasi iliyotupwa. Jumamosi nilimaliza jani na shina, nikahesabu kila kitu, nikachanganya zambarau mara tatu, na nilipoinua kichwa ua lilikuwa limekwisha kufunga. Jumamosi ijayo nitaamka saa kumi na moja.